Mwayo wa Saa Tisa Kasoro Dakika Saba

Saa tisa kasoro dakika saba alasiri, nikiwa nimekaa barazani kwetu Mafinga, nilipiga mwayo na mkono wangu wa kulia ukainuka. Ilikuwa wiki ya saba tangu kiharusi. Muda wote huo mkono ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoniomba nimshikie. Sasa ulikunja kiwiko, ukapanda mpaka usawa wa kidevu, ukakaa hapo hadi mwayo ulipokwisha, kisha ukashuka polepole.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Aliacha.

"Umeuinua wewe?"

"Hapana."

"Sasa nani?"

Aliniambia nipige mwayo tena, nikashindwa. Ulipokuja wenyewe, nusu saa baadaye, mkono ulipanda tena. Mke wangu akasogeza ungo wake mbali nami kidogo.

Mimi ni fundi seremala. Ufundi sikuusomea chuoni. Nilijifunza kwa kupima, kuandika na kurudia. Nikafungua daftari. Kwa siku mbili nilipiga miayo kumi na moja, na mkono ulipanda mara tisa. Nikaandika chini yake: mkono umeanza kurudi.

Siku ya tatu alikuja mnunuzi wa mashine yangu ya randa. Tulikuwa tumekubaliana milioni moja na laki nane. Bila mkono, mashine ile ilikuwa chuma cha kufunikwa turubai. Mkono ukirudi, ndiyo kazi yangu yote.

"Kamwene, fundi. Mkono bado umelala?"

"Umeanza kuamka. Mashine haiuzwi."

"Juzi ilikuwa inauzwa."

"Juzi sikuwa na vipimo."

Alicheka, akafunga mkoba wake. "Haya. Mkono ukilala tena, unipigie."

Wiki iliyofuata nilikwenda Iringa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mwenye umri wa binti yangu wa kwanza. Alisoma daftari langu lote bila kucheka.

"Baba, hapa mwayo ndio umeuinua mkono, siyo wewe. Mwayo unapita njia yake kwenye ubongo, na kiharusi hakikuiharibu. Sasa uinue kwa kutaka."

Nilitaka. Haukuinuka.

"Siku ukiuinua mwenyewe, hata sentimita moja, hiyo ndiyo uandike."

Alinifundisha zoezi la kioo. Nyumbani nilibandua kioo cha dresingi tebo ambayo sikuimalizia, nikakisimamisha mezani katikati ya kifua, uso wake ukielekea kushoto. Mkono wa kulia ulikaa nyuma ya kioo, wa kushoto mbele yake. Ukiutazama wa kushoto ndani ya kioo, unaonekana kama wa kulia. Unafumba na kufumbua, huku akili ikiiagiza mikono yote miwili. Robo saa asubuhi, robo saa jioni. Baada ya hapo, kufuta meza kwa taulo na kusukuma kikombe.

Jambo moja sikulitarajia. Kidole cha kati cha mkono wangu wa kushoto hakina ncha; msumeno uliikata nilipokuwa najifunza kazi. Wa kulia una vidole vitano kamili. Kwa hiyo kila siku nilikaa nikiutazama kiooni mkono wangu wa kulia ukifanya kazi vizuri, ukiwa umeshakatwa kidole.

Mke wangu hakupenda kupita nyuma yangu.

"Huo wa kwenye kioo si wako."

"Ni huu wa kushoto."

"Wa kushoto naujua. Huo siujui."

Wiki ya tano ya kioo, kidole gumba kiligusa cha shahada kwa kutaka kwangu. Nikaandika. Wiki ya nane nilisukuma kikombe. Ya kumi na mbili niliweza kuweka kiganja juu ya ubao na kuukandamiza. Yule dada wa Iringa alisema kikombe sawa, mashine hapana. Nilipiga hesabu zangu: wa kushoto usukume, wa kulia ukandamize tu. Mke wangu nilimweka kwenye swichi.

Mashine ikanguruma, ubao ukaanza kupita juu ya visu. Hapo mwayo ukaja. Sikuwa na usingizi. Mkono wa kulia uliondoka juu ya ubao, ukapanda mpaka kidevuni, ukangoja. Wa kushoto uliendelea kusukuma kwa mazoea. Mwayo ulipokwisha, mkono ulishuka, lakini ubao ulikuwa umeshapita na visu viko wazi. Kiganja kilitua kwenye chuma, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye visu.

Mke wangu alizima. Visu viliendelea kuzunguka kwa muda, vikipiga mluzi. Nilihesabu vidole vya kulia, nikaanza na cha kati.

Kilikuwepo. Siamini dalili, hata ile ya kioo. Lakini kipimo kikishanipa jibu, sikirudii.

Nilimpigia mnunuzi. Alikuwa ameshanunua mashine nyingine. Hii angeichukua, alisema, kwa kunionea huruma tu. Alipokuja nilimpa mkono wa kulia. Niliuinua mwenyewe, polepole, bila mwayo. Aliushika muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, kisha akahesabu noti: milioni moja na laki mbili.

Mwayo ule wa barazani ulinigharimu shilingi laki sita.