Fedha za Kigeni za Nani?

Ijumaa, kwenye foleni ya kutuma pesa nyumbani pale Al Sadd, huku ughaibuni tunakofanya kazi, mlinzi mmoja Mngazija alituonyesha mchoro kwenye simu, kidole kikipanda na mstari. "Tazameni akiba ya fedha za kigeni ya visiwa vyetu inavyopanda!"

Dada wa Unguja, mfanyakazi wa ndani, akauliza, "Hao wageni wanaowapa ni kina nani?"

"Ni sisi, dada. Ndizo hizi tunazotuma."

Dada akazitazama riali zake kiganjani. "Subhanallah! Huku naitwa mgeni, na jasho langu likifika kwetu nalo laitwa la kigeni?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi nilicheka hadi dirishani, karani aliponiuliza mpokeaji ni nani. Nikamtaja mke wangu, ambaye likizo iliyopita alinipa chai kwenye vikombe vya wageni.