Kioo Kirefu cha Barabara ya Kipushi

Kioo kile cha kukinga upepo nilikinunua kwa maringo. Sokoni kulikuwa na vifupi na vya wastani, nikachukua kirefu kuliko vyote, nikakifunga mwenyewe mbele ya pikipiki, wima kama mlango. Kifua kilipona, lakini kila nilipoongeza mwendo upepo uliruka juu ya kioo ukanigonga kofia mfululizo, hata shingo ikauma na masikio yakajaa ngurumo. Mke wangu alinishauri nikipeleke kwa fundi. Nikamjibu nitazoea. Ndivyo nilivyo, nikikosea nalitetea kosa.

Kila mwezi nilikwenda Kipushi kumchukua baba wa mke wangu, nimlete Lubumbashi kupimwa presha, kisha nimrudishe. Kwetu baba mkwe ni buko: humkazii macho, humkatizi, na akishasema neno humwambii alirudie. Nyumbani tulisalimiana tu. Ila akishakaa nyuma yangu, tusipoonana uso kwa uso, mzee alifunguka. Nilihisi kidevu chake begani nikajua anazungumza, na upepo ukayachukua yote. Ningeweza kusimama kando nikamsikiliza. Niliona haya, nikawa naitika kwa sauti, "Ndiyo, papa." Nikajiona mkwe mwema.

Siku moja alisema jambo refu, akanishika bega mara mbili.

"Ndiyo, papa," nikaitika. "Ndiyo kabisa."

Mshiko ule wa bega ulinisumbua, na Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa fundi. Alipokiona kioo akacheka.

"Hii kiyo iko mulefu, tena umeisimamisha sana. Mupepo inapanda, inakuangukia mu kichwa. Tuikate, tuilaze kidogo, na chini tuache nafasi mupepo ipite."

Kazi ilitushika hadi alasiri. Nikaijaribu pikipiki mpaka Karavia: kofia ilitulia, nikasikia hata watu wakisalimiana kando ya barabara. Nilifurahi mno. Niliwaza kwamba sasa nitamsikia mzee.

Nyumbani mke wangu alinipokea mlangoni, simu mkononi.

"Papa alikungoya tangu asubui, mufuko yake mu mukono. Anasema uliitika, leo utamupeleka Kasenga, akaone dada yake mugonjwa mbele ya kufa. Uliitika, ao hapana?"

"Niliitika," nikasema, kwa kuwa ni kweli.

Mzee mwenyewe hakunipigia. Alikuwa ameshaomba na mimi nimeshakubali, na kumkumbusha mkwe kungekuwa kumvunjia heshima. Alfajiri ya Jumapili nilikuwa Kipushi, lakini habari ilikuwa imenitangulia. Dada yake alikuwa amekufa. Nikampakia, tukaenda kilioni.

Sijamwambia kwamba sikusikia, na najuta kila nikiiwasha pikipiki. Nikimwambia hilo, atajua pia kwamba miaka yote ile alikuwa akizungumza peke yake. Basi naacha anione mtu wa kuahidi na kusahau, na sijui lipi lina nafuu.

Siku ile njia ilikuwa ndefu na kioo kilifanya kazi yake vizuri. Nilisikia mzee akipumua, nikasikia akimeza mate. Nilipunguza mwendo ili aseme lolote, hata anitukane. Tulifika Kasenga hajatamka neno, na mpaka leo, akikaa nyuma yangu, hasemi kitu.