Kitone Nilichokiita Wimbi

Nimezaliwa Akheri, ambako maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa ya mfereji wa kumwagilia migomba. Hata hivyo kazi inayonilisha ni kutafuta boti baharini, nikiwa nyuma ya rubani kwenye ndege ndogo, macho kwenye skrini ya rada.

Asubuhi moja tuliitwa. Boti ya mbao iliyokuwa ikielekea Pemba haikufika, na ndani yake alikuwamo fundi bati, mtoto wa jirani yetu pale Akheri. Tuliruka kutoka Arusha, tukajaza mafuta Tanga, tukaingia baharini. Upepo ulikuwa mkali. Rada huona chuma vizuri, lakini mbao zilizolowa huonekana kwa shida, na wimbi kubwa nalo huwaka kama boti. Tofauti ni moja: wimbi huzimika, boti hubaki.

Alasiri kitone cha mwanga kiliwaka upande wa kushoto wa skrini. Kikazimika. Kikawaka tena.

"Tugeuze?" rubani akauliza. "Tukigeuza hapa, eneo lililobaki hatulimalizi kwa mafuta tuliyonayo."

Nilisubiri. Hakikuwaka tena.

"Ni wimbi," nikamwambia.

Siku ya tatu wavuvi walimwokoa mtu mmoja tu, nahodha. Alisema ndege ilipita karibu nao, wakapunga mashati hadi mikono ikafa ganzi. Injini, chuma pekee walichokuwa nacho, walikuwa wameitupa ili boti isizame. Fundi alikuwa hai wakati huo. Kesho yake aliishiwa nguvu, akateleza majini.

Nilikwenda Akheri. Nilimkuta mama yake uani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyekuwa kwenye ndege?"

"Ndiyo."

"Mlimwona?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga kumweleza habari za upepo na mbao. Nikashindwa.

"Niliona kitu, mama. Nikasema si boti."

Hakulia wala hakunitukana. Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilisimama pale hadi mvua ikanilowesha, kisha nikarudi kwangu Lemara.

Sikuacha kazi. Siku hizi kila kitone naomba tukirudie, na marubani wananung'unika kwamba nawamalizia mafuta. Mara nyingi huwa ni wimbi kweli.