Roshani ya Nyumba ya Dada

Mafundi wenzake walimwita Taratibu. Hakuwa mvivu, ila hakuna aliyeweza kumharakisha. Walimtania kwamba siku akifa atawaomba wachimba kaburi wasubiri kwanza kuta zikauke. Alicheka nao, kisha akarudi kulowesha magunia aliyotandika juu ya zege lake. Zege, alipenda kusema, ni kama mtoto mchanga: likinyimwa maji siku za mwanzo, linabaki dhaifu maisha yake yote.

Dada yake wa pekee alipotaka roshani kwenye nyumba ya mumewe, Taratibu alifunga nondo kwa mikono yake na kumwaga zege mwenyewe. Akatandika magunia, akamwachia dada kazi moja tu, kuyalowesha asubuhi na jioni, maana yeye alikuwa ameitwa kazi ya mbali. Aliporudi kuondoa miti iliyotegemeza roshani, aliona nyufa nyembamba kama nywele. Akamuuliza dada kama alimwagilia. Dada, huku akianua nguo, akajibu kwamba alimwagilia kila siku. Taratibu akaridhika. Aliyenyonya naye ziwa moja angemdanganya kwa nini?

Miezi ikapita. Shemeji, aliyechoshwa na mabomba yasiyotoa maji, akapandisha tangi juu ya roshani bila kumuuliza mtu. Lilipojaa, roshani ilikatika pale ilipoungana na ukuta. Chini yake mama mkwe wa dada alikuwa amekaa akichambua maharage. Hakuwahi hata kuinuka.

Taratibu alifika majirani wakiwa bado wanafukua. Akaokota kipande cha zege, akakiminya, kikamumunyuka kiganjani kama mkate wa juzi. Hakuhitaji kuambiwa. Alimkuta dada jikoni peke yake, ameegemea ukuta.

"Mabomba yalikauka, kaka," dada alisema bila kumtazama. "Mtoto alikuwa anaharisha. Ndoo moja nimepata kwa kuhangaika, nimpe yeye au niimwage juu ya magunia? Halafu uliponiuliza, nikaona haya."

Nje, sauti ya shemeji ilikuwa inauliza fundi yuko wapi.

"Neno hilo lisitoke tena mdomoni mwako," Taratibu alimwambia. "Wakilijua, huna nyumba, na mtoto hana mama. Zege ni langu."

Akatoka, akasema mbele ya wote kwamba alipunja saruji. Shemeji alimpiga kofi, na katika umati ule hakuna aliyemzuia.

Alifungwa. Dada alikwenda kumwona mara chache, akilia zaidi kuliko kusema, mpaka mumewe alipomkataza. Taratibu alipotoka, hakuna aliyempa mwiko; jina lilikuwa limemtangulia kila kiwanja. Akaishia kubeba magunia ya wafanyabiashara sokoni, mgongo ukiinama mwaka hadi mwaka.

Siku moja, akiwa na mzigo begani, alikutana na mpwa wake barabarani. Alikuwa kijana sasa, mrefu kama baba yake. Kijana alimtambua. Alikuwa amekua akisikia kwamba huyu ndiye mjomba aliyemuua bibi. Akatema mate kando, akavuka upande wa pili.

Taratibu alisimama akimwangalia anavyokwenda, miguu imenyooka, afya tele, hadi akapotea kwenye watu. Mwenye mzigo akamwita kwa hasira. Akaweka gunia sawa begani, akamfuata.