Miguu ya Fundi Mihayo

Mume wangu Mihayo alipoanza kunikataza nisimguse miguu, mimi sikuuliza mara mbili. Nilijua kuna mwanamke huko machimboni Rwamgasa.

Si ndiko alikotoka? Mwaka ule wa 1996 alibeba cherehani yake akaenda kuwashonea wachimba dhahabu. Akakaa huko miezi, akarudi Shinyanga amekonda, maji anakunywa ndoo nzima, na miguu hataki iguswe. Na sisi tangu anioe tulikuwa na desturi yetu. Akirudi jioni kutoka barazani kwa Jashvant, mwenye duka la vitambaa, namkalisha kwenye kigoda, namwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, namkanda kwa samli. Fundi wa cherehani anakanyaga kutwa, jamani, miguu ndiyo jembe lake. Hapo ndipo tulipoongea yetu yote: watoto, shamba, hata kuwateta majirani. Mihayo si msemaji. Ukitaka maneno yake, mshike miguu.

Sasa ananiambia, "Usiguse, inawaka."

"Inawaka nini? Umekanyaga moto?"

"Inawaka ndani, Mama Luka."

Nikamwambia aliyeiwasha ndiye akaizime. Nikasusa, nikanuna, vyungu jikoni vikanijua.

Mpaka siku ile aliyosimama karibu na jiko tukibishana, kaa la moto likadondoka, akalikanyaga. Wala hakushtuka. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi. Mayu wane, mama yangu! Mtu huyu shuka ikimgusa vidole anaruka, lakini kaa la moto halijui? Hasira iliniisha palepale, nikashikwa na hofu.

Kesho yake Jashvant alimwona anakanyagia cherehani kwa visigino.

"Fundi, miguu inawaka, siyo?" akamuuliza. "Usione haya. Yangu pia iliwaka. Mimi nina sukari, nenda ukapimwe."

Daktari Bartholomeo alipima damu na mkojo, akasema ni kisukari. Akatueleza taratibu, Mungu ambariki, bila kutukaripia.

"Sukari ikizidi kwenye damu, mwilini vinazaliwa vitu vikali vinavyokula mishipa ya fahamu, hii inayokuletea hisia. Fundi, sindano ukiiacha penye unyevu inakuwaje?"

"Inashika kutu."

"Basi, ni kama hivyo. Mwili una kinga zake za kuzuia hiyo kutu, ila zako zimezidiwa. Kinga nyingine tunazipata kwenye chakula: mboga za majani, karanga, nyanya, na matunda. Zitasaidia maumivu kiasi gani, wataalamu bado wanachunguza, siwezi kukuahidi. La kwanza ni kushusha sukari."

Akampa vidonge. Na katika maneno yote hayo, mume wangu aliyabeba mawili tu: kutu na matunda. Ilikuwa msimu wa maembe, tena yale mabivu yanayopasuka yenyewe. Akawa anakula asubuhi, mchana na jioni, maji ya embe yanamchuruzika kidevuni, ukimuuliza anakujibu kwa madaha, "Naondoa kutu, mama." Haikupita wiki mbili akashindwa kusimama.

"Fundi, unapangusa kutu huku chuma unakimwagia maji!" daktari akasema tulipomrudia. Mihayo akainamisha kichwa kama mtoto. Mimi nilirudi nyumbani nikayagawa maembe yote, hata lile alilolificha nyuma ya mtungi. Tangu siku hiyo sufuria ikawa yangu. Mchicha, mlenda, nsansa, yale majani ya kunde tunayoyakausha, nikiyaunga kwa karanga. Ugali nampimia mimi. Alilalamika weee, akachoka mwenyewe.

Lakini kukanyaga cherehani hakuweza, na mafundi wengine walishaanza kuitupia jicho ile nafasi yake barazani. Jashvant akasema, "Hapa ni pa Fundi Mihayo. Mama Luka, njoo ukanyage wewe."

Nilijua nini mimi? Mihayo alikaa pembeni kwenye kiti, anapima, anachora kwa chaki, mimi nakata na kushona. Na maneno yake! "Huo mkono wa shati au mguu wa suruali?" Wateja wanacheka, nami namjibu kwamba asiyeridhika aje akanyage. Kisha najuta, nikimwona anaitazama miguu yake.

Jioni sikuacha desturi. Naweka beseni, napima maji kwa kiwiko kama ya kumwogesha kichanga, maana daktari alituonya kwamba miguu yake haijui moto. Namuuliza, "Leo niiguse?" Anatikisa kichwa. Maji nayamwagia mchicha. Nilikuwa na hamu na mume wangu, jamani, naye yupo hapo hapo mbele yangu. Mchicha ule ulistawi.

Mavuno mawili ya pamba yalipita hivyo. Sukari ilishuka, ikatulia. Jioni moja nikaweka beseni, na kabla sijauliza, akatumbukiza miguu mwenyewe. Nikapiga magoti. Niliushika ule mguu kama unavyoshika utosi wa mtoto, nikiwa tayari kuuachia. Hakuuvuta. Nikachota samli, nikaanza kukanda polepole kwenye unyayo.

"Inawaka?"

"Kidogo. Usiache."

Akafumba macho. Nikadhani amesinzia.

"Mama Luka."

"Abee."

"Kidole gumba chako kina sugu. Hapo, karibu na kiungo."

Nikakitazama kidole. Kweli, sugu ilikuwepo, ngumu, wala sikuwahi kuijali.

"Ni ya mkasi hiyo," akasema. "Mimi ninayo hapo hapo. Pole, mke wangu. Umenikatia vitambaa vingi."

Ameihisi kwa unyayo wake, uleule uliokuwa haujui kaa la moto! Machozi yakadondokea kwenye beseni. Nikamwambia atulie, samli inamwagika.