Sikutaja Jina

Mume wangu ni mmisionari, na nikisema hivyo watu hutafuta mzungu nyuma yetu. Hayupo. Tulitumwa na kanisa letu la Iringa kuja Handeni, yeye, mimi na wanetu wawili wa kiume. Kila likizo ya Juni tunazunguka na gari letu bovu kutembelea makanisa madogo, kisha tunamalizia kwenye kambi ya vijana wa Kikristo karibu na Korogwe. Kwa wafugaji tunakunywa maziwa mgando mpaka matumbo yanalalamika, kwa wakulima tunaondoka na mihogo ya watu. Mimi nazipenda safari hizo. Napenda pia, niseme ukweli, kuitwa mama mchungaji na kupewa kiti cha mbele.

Mwaka huo tulilala Sindeni kwa mama mmoja mjane, muumini wetu, ambaye binti yake wa kidato cha pili alikuwa anakwenda nasi kambini. Asubuhi, mume wangu akiwa anafunga mizigo, yule mama aliniita jikoni.

"Mama mchungaji, mwanangu ana kifafa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hapa kila mtu anajua. Akianguka shuleni wanamkimbia, na kikombe chake hawakigusi. Huko kambini hawamjui. Nataka apate hata wiki moja ya kuwa mtoto kama wenzake. Wewe msimamie tu anywe dawa. Lakini nakuomba, usimwambie mtu."

Nikamwahidi, tena kwa kumshika bega.

Mwanzoni yule binti alikaa kimya garini. Tulipofika Korogwe alikuwa ameshawafundisha wanangu nyimbo za Kizigua, nao wakigombana nani akae karibu naye. Kambini, siku ya kwanza tu, kikundi chake kikamchagua kuongoza nyimbo. Kila jioni alinifuata nyuma ya jiko, akameza kidonge chake, akarudi mbio kwa wenzake. Hakuanguka hata mara moja.

Siku ya tatu asubuhi, kwenye kipindi cha maombi, kiongozi wa kambi alinisimamisha nieleze safari yetu na nitoe mahitaji ya kuombewa. Sisi watu wa kanisani tuna ugonjwa mmoja. Jambo ambalo tungeona haya kulisema kisimani, tukishaliita hitaji la maombi tunalisema kwenye kipaza sauti. Nilianza na kanisa lisilo na bati, nikaja kwa mwinjilisti aliyeibiwa baiskeli. Vijana walinisikiliza kwa adabu, wengine wakisinzia, na mimi nikataka wanisikilize zaidi. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

"Na tumkumbuke binti mmoja," nikasema, "tumesafiri naye, anateswa na kifafa. Jina lake sitalitaja."

Kwenye gari letu msichana alikuwa mmoja tu, na kambi nzima ilimwona akishuka.

Vichwa viligeuka kabla sijamaliza. Kiongozi, kwa nia njema kabisa, akawaomba walio karibu naye wamwekee mikono, na kijana mmoja akaanza kukemea pepo. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, amekumbatia magoti. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Nilipaswa kusema basi, mwacheni, na kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi. Badala yake nilifumba macho, nikajifanya naomba.

Mchana mume wangu aliniuliza, "Ulimwomba ruhusa?"

Nikamjibu kwamba sikutaja jina. Akanitazama, akaenda zake.

Bwenini, msichana aliyelala kitanda cha jirani alikuwa ameshahamisha godoro lake. Nilimkuta binti amekaa peke yake, nikamwambia, nisamehe mwanangu.

"Haina shida, mama," alisema, akanyoosha mkono. "Ila dawa zangu nipe nikae nazo mwenyewe."

Nikampa. Kikundi chake kikapata mwongoza nyimbo mwingine, na siku zilizobaki alikula jikoni na wapishi.

Jumamosi tulimrudisha Sindeni. Njia nzima nilijipanga. Nikifika tu nitamweleza mama yake mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Nilipanga hata maneno ya kuanzia. Yule mama alitupokea barabarani, akamkumbatia mwanawe, akamtazama usoni, kisha akanigeukia.

"Mama mchungaji, walijua?"

Yale maneno niliyoyapanga niliyaacha, nikageukia gari kushusha begi la binti.

"Hawakujua, mama," binti akajibu. "Tuliimba sana."

Mama yake akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu anibariki kwa kumtunzia mwanawe. Binti alikuwa pembeni yetu, ananitazama.

Nikaitikia amina.