Nyumba Zilimupa Evodie Mugongo

Evodie alishuka ku piki-piki pale kilometa kumi na ine, barabara ya Niemba, na mufuko mupya wa formasio ku bega, akaona nyumba ya mudogo wake Myriam haina mulango.

Akaangalia nyumba yenye kufuata. Nayo haina. Ya tatu, ya ine, vile vile, mupaka ya mwisho kule karibu na shamba ya muhogo. Nyumba makumi tatu zilikuwa zimesimama mustari moja, sawa kabisa na vile yeye mwenyewe alizichora, na zote zimezibwa mbele na majani makavu. Kamba zilikazwa vizuri, kazi ya watu wenye hawakuharakisha. Milango ilifunguliwa ngambo ingine, upande wa pori. Nyumba yake tu, yenye ilisimama peke yake mbele ya zingine, njo ilikuwa inaangalia barabara.

Hakuuliza muntu. Kwa Batwa, watu wake, ile haiombe maelezo. Nyumba ni fito na majani na bashi ya plastiki juu, kugeuza mulango ni kazi ya asubuhi moja. Ukikosana na mwenzako, haumutukane, haumupeleke kwa chefu. Unageuza mulango. Anaamuka, anakuta mugongo ya nyumba yako, anajua. Siku mutapatana, unafungua tena kule kwa zamani. Evodie mwenyewe alishageuza mara mbili mu maisha yake, moja juu ya asali, moja juu ya bwana yake, Mungu amurehemu. Lakini nyumba makumi tatu siku moja, kwa muntu moja, ile hakuwai kuona wala kusikia.

Na alhamisi ajenti wa udongo, mupimaji wa serikali, atakuja. Ilikuwa jumanne.

Hawa watu walitoka upande wa Nyunzu wakati ya vita, wakafukuzwa fasi moja, wakafukuzwa fasi ingine, miaka inapita. Sasa chefu wa udongo alikubali kuwaachia hii kilima, na neno moja: ajenti akute nyumba makumi tatu zenye watu, apime parseli, kipande ya kila nyumba, aandike. Asipoandika, kilima inaenda kwa mufanya-biashara moja wa muji mwenye anataka kulima mahindi. Kila muntu pale alijua ile. Hata watoto walijua.

Shirika lenye linawasaidia lilimuchagua Evodie kuwa prezida wao, juu anajua kusoma kidogo na haogope wageni. Wakamupeleka Kalemie ku formasio, mafunzo ya siku tano, ku sale kubwa ya paroisi. Mwalimu, kijana moja anaitwa Serge, alikuwa anasema vizuri sana. "Kiongozi anapanga, wengine wanafuata. Ajenti anataka nyumba kwa mustari, milango ku barabara. Na prezida anakaa mbele, wageni wamuone haraka." Akamupa karatasi kubwa na kalamu munene. Evodie akachora visanduku makumi tatu, na kimoja chake mbele, akaandika majina ndani, haraka-haraka, kimoja kwa kimoja. Watu wa formasio wakamupigia mikono. Furaha ya ile siku, hakuwai kuipata fasi ingine.

Siku ya tatu akapanda piki-piki na karatasi yake, akaenda ku kilima, akaisoma mbele ya watu wote. Serge alikuwa pale, na wazungu wawili. Watu wakasema ndiyo. Wakapiga mikono nao. Evodie akarudi muji kumaliza formasio na kupokea karatasi yake yenye muhuri, roho iko nyeupe.

Sasa akazunguka nyumba ya Myriam. Kuzunguka nyumba yenye imekupa mugongo ni haya, lakini alizunguka. Myriam alikuwa anamenya muhogo na bibi wawili.

"Prezida amefika," bibi moja akasema. "Mumutafutie kiti."

"Hatuna kiti," wa pili akajibu. "Akikaa chini atachafua mufuko wake wa formasio."

Wakacheka. Myriam hakucheka. Evodie akabaki amesimama.

"Mudogo wangu, nimekosa nini?"

"Papa François na Thierry hawasemeshane tangu tulikuwa Nyunzu. Umewaweka ukuta kwa ukuta. Mimi umeniweka pembeni ya shemeji, na unajua ile ni haya. Uliuliza nani fasi anataka kulala?"

"Lakini mulisema ndiyo. Nyote."

"Ungetaka tukukatalie mbele ya wageni wako? Tulikuchunga usipate haya. Mustari, tumeisimamisha, kilima isitupotee. Mulango ni yetu."

Akaendelea kumenya.

Evodie akapanda juu ku kilima, fasi telefone inashika, akamupigia Serge. Serge alikuwa anakula, ilisikika. "Mama Evodie, usilegee. Weye njo kiongozi. Waambie wageuze kabla ya alhamisi, basi." Evodie akamuambia asante.

Jumatano alienda ku maji peke yake. Wenzake walipita njia ya nyuma, alisikia ndoo zao zinagongana. Akapika bukari ya unga ya muhogo, akala. Tangu bwana yake afe alikuwa anakula na Myriam sahani moja. Alishasahau namna muntu anakula kama hakuna mwenye kumuambia sogeza mukono. Mangaribi akaenda kwa Papa François, baba mudogo wake, muzee moja mukavu, mwenye masikio makubwa.

"Papa, nilikosa. Vunjeni ile mustari. Kila muntu arudie fasi yake."

"Tukivunja leo, kesho muntu wako atakuta fito chini. Hataandika fito."

"Basi mugeuze milango kwa siku moja tu."

Muzee akamuangalia kidogo. "Mulango ya siku moja ni mulango gani?"

Alhamisi ajenti akafika, Papa Adalbert, muntu munene na mukanda ya kupimia ku kiuno. Akatembea kutoka nyumba ya kwanza mupaka ya mwisho, anatafuta fasi ya kubisha hodi. Akarudi kwa Evodie, anafuta jasho.

"Mama, nyinyi Batwa hamujue kuweka mulango? Hizi nyumba zinanionyesha matako."

Watu walikuwa wametoka, wanasimama pembeni ya kuta zao. Evodie alijua jibu yenye ingepita bila shida: ni watu wa pori, Papa, tunawafundisha pole pole. Hata Serge alishamuambia ku formasio aseme vile. Ilikuwa tayari mu kinywa.

"Wanajua sana," akasema. "Mimi njo sikujua. Niliwapa fasi bila kuwauliza. Ile mugongo unaona si ya serikali, Papa. Ni yangu."

Adalbert akacheka, kisha akaacha kucheka. Akafungua karatasi zake, akazifunga. "Fasi ya kuandika ile sina," akasema. "Lakini mimi napima udongo, sipime milango." Akatoa mukanda.

Alipima mupaka jua ikapinduka. Mwisho akauliza: "Naandika jina ya nani kama musimamizi?"

"Waulize wenyewe," Evodie akajibu.

Kuku ilipita katikati yao. Ajenti akaanza kuangalia saa.

"Andika yeye," Papa François akasema.

Ajenti akaandika, wakatia alama ya vidole, piki-piki ikaondoka. Kilima ilikuwa yao. Evodie akamufuata muzee, karibu amukimbilie.

"Papa, basi tumepatana?"

"Weye njo unajua kusema na wale watu. Hata kesho tutakutuma." Muzee akainama, akaingia ndani. "Mulango ni mambo ingine."

Kisha saa kumi moshi ikapanda nyuma ya nyumba, wakaanza kuimba na kucheka. Evodie alikuwa amekaa mbele ya kwake. Malori ya makaa ilipita inaenda Kalemie, makondakta wakamupungia mukono. Aliweza kutenga kicheko ya Myriam kati ya zote. Akapakua sombe, majani ya muhogo ya kupikwa, akatembea, akafika ku kona ya ukuta. Kicheko ikakatika.

"Myriam, nimeleta sombe."

Hakuna mwenye alitoka kuipokea. Akasimama muda, mikono inaungua na sahani. Kisha akaiweka chini, akaifunika na jani, akarudi upande wa barabara.